Kupeleka Kitabu cha Nasieku Mashuuru

Kwenu wenzangu wa jikoni shuleni, na nyinyi akina mama wa jumuiya mliokuja nyumbani mkanikuta nimelala mchana. Mmeniuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimemjibu kipande. Mwingine nilimpa habari ya mbuzi peke yake, akacheka, akaenda zake. Nimeona niandike yote mara moja, karatasi hizi zipite mkono kwa mkono. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mnivumilie. Lakini sitaongeza kitu, na palipo na kosa langu nitalisema.

Nasieku mnamjua. Ni yule msichana wa Kimaasai aliyekuwa akikaa mlango wa pili kutoka kwangu hapa Kitengela, mke wa Lemayian anayenunua na kuuza mbuzi. Mimba yake ilipokaribia kukomaa nilimsindikiza kliniki. Nesi alimuuliza kama amewahi kuzaa. Akasema, kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa mlangoni niliisikia kwa shida, kwamba alizaa mwaka juzi nyumbani kwa mumewe, mtoto akafa, na yeye akavuja damu mpaka akapoteza fahamu. Nesi akaandika kwenye kitabu chake kwa kalamu nyekundu: asizalie nyumbani, azalie hospitali kubwa yenye damu.

Tuliporudi, kitabu kilibaki mkobani mwangu. Nilitaka kukifunika kwa karatasi ya kaki, kama tunavyofunika vitabu vya watoto wa shule. Kesho yake nikiwa kazini, mama mkwe wake akatuma gari, Nasieku akachukuliwa akazalie nyumbani, huko mbele ya Mashuuru. Lemayian alikuwa mnadani mbali. Simu yake haikupatikana, ya Nasieku nayo ilizimwa.

Nilikaa na kile kitabu siku nne. Binti yangu Linet mlimzika pamoja nami mwaka jana, yeye na mtoto wake tumboni. Yeye pia alivuja damu. Katika ile zahanati niliambiwa, "Mama, subiri hapo nje," nami nikasubiri. Sikubisha mlango hata mara moja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo lililonitoa Kitengela.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Kitabu cha kliniki cha Linet kilikuwa mkobani pia. Kimekuwa humo tangu mazishi. Naenda nacho kazini, sokoni, na kanisani mkiniona nimeshika mkoba, nacho kimo. Nilikifunika kwa kaki yeye akiwa hai. Kwa hivyo niliondoka na vitabu viwili visivyo na tofauti kwa nje. Kwenye pembe ya kila jalada niliandika herufi moja, N na L, nikajiona mwerevu.

Kitengela hadi Kajiado mjini

Hapa sina mengi. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikampikia mzee wangu maharagwe ya siku mbili, nikatoka alfajiri. Nilibeba mayai kumi ya kuchemsha, njugu, ndizi mbivu na leso mpya. Isinya tulisimama muda mrefu kwa sababu ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani na mwenyewe hakuwa na haraka. Kila gari lililopiga honi nilihisi linanipigia mimi.

Niliwaza kitu kimoja tu: je, kama ameshazaa? Je, kama nitafika nikute watu wameketi kwa vikundi nje ya nyumba, wanaongea polepole? Nyumba ya namna hiyo naijua. Naweza kuitambua kutoka mbali.

Pikapu ya Mutua

Kajiado nilionyeshwa pikapu inayoenda Mashuuru kupitia Imaroro. Dereva wake ni Mkamba anaitwa Mutua, mtu mwenye maneno mengi. Nilimuuliza tunaondoka saa ngapi.

"Sasa hivi, mama."

Hiyo ilikuwa saa tatu. Saa tano tulikuwa bado tunangoja magunia ya chumvi ya ng'ombe, kisha tukangoja mwenye magunia, kisha tukangoja mwenye magunia amalize chai.

"Mutua, ulisema sasa hivi."

"Si hata sasa ni sasa hivi? Mama, kwani unakimbilia harusi?"

"Nakimbilia mtu wa kuzaa."

Akanitazama mkoba, akanitazama kichwa. Mnakumbuka nimenyoa. "Wewe ni mkunga?"

"Mimi ni mpishi."

"Basi mtoto akizaliwa, wewe utampika?" Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka, na nadhani aliona, kwa sababu alienda mwenyewe akamtoa yule mtu hotelini, kikombe mkononi, na tukaondoka.

Njia ile ni vumbi na mawe. Kabla ya kufika Mashuuru tulivuka mto wa mchanga ambao siku nyingi hauna maji. Siku hiyo ulikuwa mkavu kabisa, watoto wanachimba mchanga katikati kutafuta maji ya kunywa. Mutua akasema, "Huu ukiuona unakuja, hauji na maji, unakuja na miti." Nilidhani ni mzaha wake mwingine. Nilimuomba aniwekee nafasi kesho asubuhi, watu watatu. Akakubali.

Mashuuru nilipanda pikipiki mpaka nyumbani kwao. Tulipopanda kilima cha mwisho niliangalia kwanza nje ya nyumba. Hakukuwa na watu wameketi kwa vikundi. Kulikuwa na mbwa, na nguo zimeanikwa juu ya miiba. Nikashukuru Mungu kwa sauti, na mwenye pikipiki akasema amina bila kujua ni ya nini.

Kwa Kokoo

Mama mkwe wake Nasieku wanamwita Kokoo, yaani nyanya. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, kichwa chake kimenyolewa kinang'aa. Alinisalimia, "Takwenya," na kwa kuwa Nasieku alishanifundisha, nikajibu, "Iko." Akafurahi. Kisha akaona kichwa changu nilipotoa kitambaa nijipanguse vumbi. Akaita wanawake wengine waje waone.

"Huyu wa Kitengela amenyoa kama sisi! Wale wengine wa kwenu wanabeba nywele za kununua kichwani kama mzigo ya kuni."

Wakanishika kichwa mmoja mmoja, wakasifu. Kwetu mtu hunyoa akifiwa. Sikuwaambia. Niliona mlango umefunguka kwa sababu ya kichwa changu, nikapitia hapo. Huo haukuwa uongo wa mdomo, lakini nauhesabu.

Nasieku alikuwa ndani, amelala kwa ubavu. Nilishtuka. Kwa siku zile chache mashavu yalikuwa yameingia. Kwao mwanamke akikaribia kuzaa hupunguziwa chakula, asile nyama, asinywe maziwa mazito, ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Alikuwa anakunywa uji mwepesi na maji. Nilitoa mayai matano. Kokoo akayachukua mkononi mwangu moja kwa moja, kwa upole tu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Unataka huyu azae ndama?"

"Kokoo, hana damu. Angalia midomo yake."

"Mimi nilizaa tisa kwa uji."

Ndizi alizipenda. Alikula tatu yeye mwenyewe, akasema hizo si chakula cha mtu mwenye mimba lakini kwa mama mkwe hazina shida. Nasieku akacheka kidogo, na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Nilitoa kitabu. Nikasema nesi ameandika aende hospitali. Kokoo akauliza kwa nini. Nilimtazama Nasieku, naye akatikisa kichwa, kidogo sana. Alikuwa ameshanieleza Kitengela: kwao mtu aliyekufa hatajwi. Jina lake halisemwi tena, na mtoto mchanga aliyekufa ndiyo kabisa, ni kama hakupita. Kumtaja mbele ya mimba nyingine ni kumwita. Nikasema tu, "Nesi anasema ana damu kidogo."

"Enkaitoyoni amemshika juzi," Kokoo akasema. Huyo ni mkunga wao. "Mtoto amelala vizuri. Mtoto ya kwetu inazaliwa kwetu."

Nilipewa chai yenye maziwa mengi kuliko chai yenyewe, na mahali pa kulala karibu na Nasieku. Sikulala. Nilisikiliza pumzi zake. Kwa mbali, upande wa milima, ngurumo zilikuwa zinazunguka.

Alfajiri uchungu ulianza. Kokoo akatuma aitwe mkunga, naye akaja haraka, bibi mfupi mwenye mikono mikubwa. Aliinama akampapasa Nasieku tumbo mara moja. Kisha akaondoa mikono yake, akairudisha ndani ya shuka, akasema maneno kwa Kimaa. Kokoo akambishia. Yule bibi akasema tena yaleyale, akatoka nje akaketi.

Nilimuuliza Nasieku amesema nini.

"Amesema yeye hanigusi. Amesema damu yangu anaijua."

Hakumtaja aliyekufa. Lakini wote waliokuwa mle ndani walielewa, na Kokoo akaanza kutafuta viatu vyake.

Mto

Tulimbeba Nasieku kwa pikipiki mpaka Mashuuru, Kokoo nyuma yake amemkumbatia, mimi kwa pikipiki ya pili. Mutua alikuwa amengoja, nampa heshima yake. Alipomuona Nasieku aliacha mizaha yote. Aliacha hata abiria wengine wawili.

Tulipofika kwenye ule mto hatukuuona mchanga. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya tangawizi, na kweli yalikuja na miti. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, kwetu hata tone halikuanguka. Pande zote mbili watu wamesimama na pikipiki zao. Mutua akakata fimbo, akaingia mpaka magotini, akarudi.

"Mama mpishi, hapa gari yangu itaenda na sisi mpaka Tsavo."

Tulingoja. Uchungu ulikuwa unakuja, unaondoka, unakuja. Kila ukija Nasieku alinishika mkono, na kila ukiondoka alitazama maji. Hakulia. Kwao mwanamke halii akizaa. Mimi ningetamani alie, nijue ni kiasi gani. Nilipanga mawe mawili ukingoni nione kama maji yanapungua. Jiwe la kwanza likafunikwa. Nikalisogeza juu. Nikajiambia nimelipanga vibaya.

Baada ya kama saa mbili ilikuja lori ya mbuzi, ndefu kwenda juu, inaelekea Kajiado. Mwenyewe ni mfanyabiashara Mwislamu, anaitwa Abdi, kwao ni kaskazini mashariki. Alishuka akatazama mto, akamtazama Nasieku, akaita utingo wake aondoe vitu mbele.

"Wawili mbele na mimi," akasema. "Wa tatu na mbuzi."

Wa tatu ni mimi. Mutua alinisukuma juu ya ile lori kwa mabega yake. Nilimuuliza nauli yake ya kutungoja. Akasema, "Nenda ukapike huyo mtoto, mama." Akageuza uso. Sikumuona tena.

Tulivuka. Maji yalipiga ubavu wa lori, mbuzi wote wakaangukia upande mmoja, na mimi nikaangukia mbuzi. Nilifumba macho nikashika bomba. Nilipofumbua tulikuwa ng'ambo, na mbuzi mmoja mwenye pembe iliyovunjika alikuwa ameingiza kichwa mkobani mwangu anatafuna kaki.

Nilivivuta vitabu vyote viwili. Pembe za majalada, pale nilipoandika N na L, zilikuwa zimeliwa. Nilivifunga kwa leso nikaviweka kifuani. Sitamsingizia mbuzi. Jina limeandikwa pia ndani, ukurasa wa kwanza, na nilikuwa na safari nzima hadi Kajiado ya kufungua na kusoma. Sikufungua. Kitabu cha Linet sijawahi kukifungua tangu afe, na niliogopa kufungua kimoja nikute ndicho.

Benchi

Abdi alituingiza hadi ndani ya geti la hospitali, akampa Kokoo kifurushi cha tende, akasema Mungu atawarahisishia. Ilikuwa saa saba kasoro. Mlangoni kwa wodi ya wazazi sista akaomba kitabu. Niliingiza mkono kifuani, nikatoa kilichokuwa juu.

Sista huyo alikuwa mtu mzuri. Nawaambia hivi mapema ili msimfikirie vibaya. Walikuwa wawili na akina mama ni wengi. Alikifungua hapohapo amesimama, akageuza kurasa mpaka ule wa uzazi, akaanza kujaza. Alimpima Nasieku presha, akaweka kile kifaa tumboni akasikiliza mtoto, akaandika. Akampima njia. Kisha akamuuliza Kokoo kwa Kimaa, na baadaye nilielezwa alichouliza: huyu ameshazaa mara ngapi?

Kokoo akajibu, "Hajazaa."

Sista akatazama kitabu, akaona ni hivyohivyo. Mimba ya kwanza. "Sawa," akatuambia kwa Kiswahili, "wa kwanza huchukua muda. Atembee kidogo hapa kwa korido. Nyinyi kaeni kwa benchi, nitawaita."

Nikakaa. Nataka mjue hilo. Niliambiwa kaa, nikakaa, na hata nikahisi raha kwamba tumefika, kitabu kimefika, kazi yangu imekwisha. Nilivua viatu. Nasieku alitembea akishika ukuta. Mara ya tatu alipopita niliona midomo yake ni ya rangi ya majivu, na nikashangaa moyoni mbona hawamharakishi, kwani hawakusoma ile kalamu nyekundu? Nikajijibu wao ndio wasomi, wanajua. Nikaendelea kukaa.

Mlango ukafunguliwa. Sista akatoa kichwa, akaita:

"Linet!"

Mwili wangu ulisimama kabla yangu. Nilidhani nimechanganyikiwa, maana nilishawahi kuota hivi.

"Linet! Wewe msichana, mbona husikii? Linet, njoo nikupime tena."

Alikuwa anamtazama Nasieku. Kokoo hakushangaa, wasichana wengi wa kwao wana jina la kanisani, alidhani ndilo hilo. Lakini Nasieku alikuwa anamjua Linet wangu. Alikuwa akisuka naye nywele pale nje ya mlango wangu. Alisimama na mgongo ukutani, amenitazama mimi. Kuitwa kwa jina la mtu aliyekufa, yeye akiwa na mtoto njiani, sijui kwao kuna jambo baya kuliko hilo. Alitikisa kichwa tu, na machozi aliyoyakataa mtoni yakaanza kutoka.

Nilitia mkono kifuani, nikatoa kitabu cha pili, nikaenda miguu mitupu mpaka kwenye ule mlango. Sista akasema, "Mama, nimesema mngoje kwa benchi."

"Singoji," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa, korido nzima ikageuka. "Kitabu ulicho nacho si chake. Ni cha binti yangu. Yeye amekufa. Cha huyu ni hiki. Huyu anaitwa Nasieku, na si wa kwanza. Alizaa mwaka juzi. Mtoto alikufa, na yeye alivuja damu akazimia. Imeandikwa hapa na nyekundu. Nimekosea mimi. Ni mimi nimekupa kingine."

Kokoo alikuwa ameshafika nyuma yangu. Alinishika bega, akanigeuza kwa nguvu.

"Unataja? Hapa? Mbele yake?"

"Nataja, Kokoo. Nipige baadaye."

Sista hakutungoja. Alisoma ile kalamu nyekundu, akamuita mwenzake kwa jina, na baada ya hapo mambo yalienda mbio kuliko nilivyoweza kufuata. Kitanda cha magurudumu kilikuja. Dripu mikono yote miwili. Kijana wa maabara akatoa damu ya kupima, akaondoka anakimbia na chupa ndogo. Daktari akaja anavaa glavu huku anatembea. Nilimsikia sista akimwambia, "Alivuja ya kwanza, damu ni kidogo, waandae chupa mbili sasa, tusingoje." Mlango ukafungwa.

Baadaye nilimuuliza yule kijana wa maabara kama ningemuua Nasieku kwa kile kitabu. Akasema damu hawapeani kwa kusoma kitabu, lazima wapime kwanza. Alisema hivyo kunituliza, nami namuamini. Lakini wangeanza kupima wakati gani? Wakati anavuja. Nusu saa aliyotembea kwenye ile korido niliitumia mimi, nimevua viatu.

Kokoo na mimi tulikaa benchi moja, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule. Kifurushi cha tende kilikuwa katikati yetu. Saa tisa ikapita. Mara moja sista alitoka mbio, aproni yake ina damu, akarudi na chupa mbili za damu kifuani amezikumbatia kama watoto. Nilimuona Kokoo akiziona. Alifunga macho. Nilisogea karibu, si kwa ujasiri, ni miguu yangu haikutaka kukaa peke yake.

"Yule wako," akasema bila kufungua macho, "ndiyo maana ulinyoa?"

"Ndiyo, Kokoo."

"Na mimi nilikushika kichwa nikacheka."

"Hukujua. Mimi ndiye sikusema."

Akauliza, "Kwenu wanataja?"

"Kwetu tunataja. Hata tunawapa watoto majina yao."

"Sisi hapana." Alichukua tende moja, akaigeuza vidoleni, hakuila. "Ule wetu alikuwa mtoto ya kiume. Nilimshika mimi. Alikuwa na mikono mirefu." Ndiyo maneno yote aliyosema juu yake, na alisema akitazama sakafu, kama anayeiomba sakafu isirudie. Halafu akasema, "Kitabu kitaje. Mdomo nitanyamaza. Wewe mwenye kujua kusoma, usiniache tena niulizwe mimi."

Saa kumi na dakika kadhaa tulisikia mtoto. Kokoo hakuinuka, mimi pia sikuinuka, kwa sababu wa mwaka juzi pia alilia, Nasieku alinieleza. Tulikaa tukisikiliza kama kuna mbio nyingine mle ndani. Zilikuwepo. Chuma kilianguka. Mtu alisema, "Bonyeza, endelea kubonyeza." Sijui ni muda gani. Kokoo alikuwa ameshika kidole changu kimoja, si mkono, kidole tu, na kwa siku mbili baadaye kilikuwa kimevimba.

Sista alipotoka alikuwa amevua glavu. Akatuambia alivuja, tena sana, lakini dripu na damu zilikuwa tayari, na sasa imesimama. Akauliza kama kuna mtu ana mayai ya kumpa ale.

Nilikuwa nayo matano, yamepondeka kwenye ile lori. Nilimtazama Kokoo. Kokoo akachukua kifurushi mkononi mwangu, na mimi nikaogopa tena. Akaketi, akaanza kuyamenya yeye mwenyewe, polepole, akitoa kila kipande cha ganda.

Kurudi Kitengela

Nilikaa Kajiado siku mbili, nikilala kwa dada mmoja wa kanisa karibu na hospitali. Lemayian alifika siku ya pili na vumbi mpaka kwenye kope. Mtoto ni msichana, mdogo, ana nguvu. Jina hana bado, kwao hawaharakishi. Msiniulize kama ataitwa Linet. Hataitwa, na sikuomba.

Siku ya kuondoka Nasieku alikuwa ameketi. Nilimuomba msamaha kwa lile jina. Akasema, "Mama Linet, niliposikia nikajua ni leo. Halafu nikakuona unakuja bila viatu." Kokoo alinitemea mate kidogo kwenye kichwa changu kilichonyolewa, ambayo kwao ni baraka, na dada wa usafi akapiga kelele kwamba hii ni hospitali.

Sista alinirudishia kitabu cha Linet mkononi. Alikuwa na aibu, nami nikamwambia aibu ni yangu. Akasema, "Mama, nilikuwa nimeanza kukijaza. Sheria yetu hatufuti, tunakata tu." Sikufungua mbele yake.

Nilikifungua nyumbani, mezani, mchana. Ndiyo sababu mlinikuta nimelala baadaye. Ule ukurasa wa uzazi ulikuwa mtupu mwaka jana, maana kule zahanati hakuna aliyepata nafasi ya kuandika. Sasa una maandishi. Saa ya kufika imeandikwa, presha imeandikwa, na chini yake: mapigo ya moyo wa mtoto, mazuri.

Kitabu nimekitoa mkobani. Kiko kabatini pamoja na cheti chake cha shule. Mkinikuta nimeshika mkoba ni mkoba tu. Na nyinyi ambao mmekuwa mkikatiza maneno kila nikiingia jikoni, msikatize. Mtajeni Linet. Kama alipenda kufunika vitabu, semeni. Kama alikuwa mchoyo wa njugu, semeni pia.

Sista aliyakata yale maandishi kwa mstari mmoja mwembamba, akatia sahihi pembeni. Bado yanasomeka.